Paka wa Mangobo, Mbuzi wa Butembo

Butembo, 30 Aprili 2000

Mdogo wangu Adeline,

Barua yako ya Pasaka ilifika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ugali wa muhogo. Ndivyo wanavyofanya pale uwanja wa ndege wa Simi-Simi siku hizi. Hakuna karatasi inayopanda ndege kabla askari hajaipitia, na askari akiona jina la mtu anataka kujua ni nani na analala wapi. Phonie, ile redio ya kuongelea ya parokia, nayo wameifunga, hatuwezi tena kusikia sauti zenu. Hii unayoisoma ni salama kwa sababu mchuuzi mwenzangu Kanyere ameificha ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Lakini Kanyere hasafiri kila juma, na magunia ya maharagi ninayokutumia hayamngojei; barua zinazopanda nayo askari watazisoma.

Kwa hiyo sikiliza. Ulipoandika kwamba jogoo wetu amefungiwa katika tundu la jirani, nilielewa palepale kuwa ni binamu yetu Dominique na wale askari. Ulifanya vema. Endelea hivyo hivyo. Mtu wa nyumbani akipata shida usimtaje jina. Sema jogoo, sema bata, sema chochote chenye mbawa au manyoya. Mimi si mtoto, nitaelewa.

La pili ni la furaha. Mwambie binti yangu Annette kwamba mzee Néhémie ameleta mbuzi wa mahari. Wamefungwa uani kwangu na wanamaliza migomba yangu. Huyu mwanawe Isaïe ni kijana mtulivu, mwashi, hanywi. Najua walionana mara mbili tu kabla vita haijamkwamisha Annette huko kwako, lakini mapenzi nayo hujengwa polepole. Nangoja jibu lake. Mama yake angekuwa hai, sasa angekuwa anashona mashuka.

Ndugu yako,
Edouard


Mangobo, 14 Mei 2000

Yaya Edouard,

Maharagi imefika, kaka. Gunia mbili ililoa na mvua pale uwanjani, nimeianika. Mambo ya majina nimesikia, sitaandika tena jina ya mutu wa nyumba. Jogoo walimutoa alhamisi. Amekonda, lakini anawika.

Ile ya mbuzi nitakujibu siku ingine, juu sasa kichwa yangu iko kwa paka tu. Sikukuambia mbele. Najua vile uko, ungekasirika, ungesema nimeharibu nyumba. Lakini inatusaidia sana na hii panya iliyotuingilia. Shida yake ni madume. Madume ya avenue nzima inakuja kupiga kelele mulangoni, na yeye anatoka. Mwaka jana ilizaa katikati ya magunia yako, tukanyamaza. Kitoto moja tu ilipona, tukakipa Mama Claudine, ule anauzaka samaki ya Wagenia, wale wavuvi ya muto. Sasa nikaona madume imerudi, nikasema, ah non, hii vita haina nafasi ya tumbo ingine. Nikaita Docteur Augustin. Alipasua tumbo, akatoa mambo yote ya uzazi, akashona.

Sikujua kama ni kazi vile. Siku ile ilitembea sawa mulevi, inagonga ukuta, haitambui nyumba. Docteur alisema isiruke, isipande fasi ya juu, isiguse nyuzi, ilale kwenye joto. Tukaishonea nguo ya kufunika tumbo. Tunaipa maji kwanza, kisha samaki kidogo bila chumvi. Kila asubuhi tunafunua kidonda, tunaangalia kama iko nyekundu, kama iko na usaha, kama inanuka. Mpaka leo iko safi. Lakini inalala imegeukia ukuta, na ikikuangalia ni kama wewe ndiye uliyeiuza.

Utuombee.

Dada yako,
Adeline


Butembo, 20 Mei 2000

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama dukani, nikaketi juu ya gunia, nikaisoma tena. Kwa jogoo nimemshukuru Mungu. Panya nimeelewa ni akina nani, na madume pia nimeelewa. Lakini paka. Habari ya paka sikuitegemea kabisa.

Siwezi kuuliza ninavyotaka kuuliza, sababu unaijua. Hebu nijibu haya. Je, paka alikubali mwenyewe kupasuliwa, au mlimlazimisha? Huyo Docteur Augustin ni daktari wa wapi? Hatazaa tena kamwe, au liko tumaini? Na kile kitoto, kwa muuza samaki kinanyonya nini? Mama yake paka, siku anakata roho, alinishika mkono akaniambia nimtunze. Siku tukikutana huko mbele nitamwambia nini mimi?

Na mwenye mbuzi, Adeline. Ajue, au asijue? Mbuzi wake wanalia hapa uani, na kila wakilia naona kama wananiuliza mimi.

Nisaidie nielewe, maana nimechanganyikiwa.

Ndugu yako,
Edouard


Mangobo, 26 Mei 2000

Yaya,

Uko na homa? Nimesoma maswali yako kwa sauti hapa nyumbani, tukaangaliana. Toka zamani haukuwa mutu wa kuhurumia paka. Lakini juu umeuliza kwa moyo, ninakujibu kwa moyo.

Kukubali, yaya, nani anaulizaka? Ilipigana, ikauma, tukaishika miguu watu wawili mpaka sindano ikaingia. Docteur Augustin ni ule anapimaka nyama pale sokoni mbele waiuze. Mukono yake ni nyepesi sana. Kuzaa, hapana, haitazaa tena maisha yake yote, ni juu ya ile tulimuita. Tumefurahi. Kitoto kinakula vichwa ya samaki, kimenona, Mama Claudine anasema kimekuwa mwizi. Mama yake mimi sikumufahamu, wala sikujua kama wewe ulimufahamu.

Juzi ilijikuna, uzi moja ikachomoka, damu kidogo ikatoka. Tukapangusa na maji ya chumvi ya vuguvugu, tukafunga tena ile nguo yake. Zile nyuzi zingine Docteur atakuja kuzitoa wakati nyama itakuwa imeshikana. Inaanza kula. Jana ililala kwa miguu yangu, nikasema bon, imetusamehe.

Mwenye mbuzi, mwambie kama unapenda. Sisi hatuna siri. Sijui tu inamuhusu nini.

Huku hakuna raha. Majeshi mbili ya wageni inaangaliana kwenye daraja ya muto Tshopo, kila mumoja anasema muji ni yake. Watu wananunua chumvi na mishumaa.

Dada yako,
Adeline


Butembo, 31 Mei 2000

Adeline,

Mlimshika miguu. Mkampa mpima nyama. Na mmefurahi.

Vita inabadilisha watu, hilo nimeliona hata hapa, lakini wewe nilikubeba mgongoni ukiwa mdogo. Najaribu kuelewa, nashindwa. Labda mlimwokoa na jambo usiloweza kuliandika. Labda ni askari. Kama ni hivyo, unisamehe. Kama si hivyo, sijui nikuite nani.

Ulisema hamna siri. Basi nimekwenda kwa mzee Néhémie nikamwambia yote, kwa maneno ya wazi, maana huku hakuna anayesoma mdomo wangu. Nimemwambia habari ya tumbo, ya kitoto kilichogawiwa, na kwamba hatazaa tena. Sikutaka kula mbuzi wa mtu kwa uongo. Akatuma watu wakawafungue. Mbuzi wakatoka uani kwangu, wakapitishwa katikati ya soko, na hapa Butembo hakuna asiyejua maana ya mbuzi wanaorudi. Isaïe alikuwa amesimama langoni. Nilimwambia pole. Akawafuata kwa nyuma.

Nimepata nafasi juu ya magunia katika ndege ya jumatatu, tarehe tano. Nakuja kumchukua mtoto wangu. Annette. Nimeandika jina lake, wasome wanaotaka kusoma.

Edouard


Mangobo, 4 Juni 2000

Yaya Edouard,

Barua yako nimeipewa leo nikitoka misa. Nimesoma, nimesoma, sielewi kitu, mpaka nikafika kwa jina ya Annette. Hapo ndipo nikaelewa.

Paka ni paka. Iko na mukia. Ni ya mistari, tuliikuta sokoni, inakamata panya, panya ya kweli yenye kula maharagi yako. Ile madume ni mapaka. Kitoto ni paka. Annette hajapasuliwa, hajazaa, iko hapa mbele yangu anaponda ndizi ya lituma. Yeye ndiye alikuwa anashika miguu ya nyuma. Nilinyamaza mambo ya kuzaa kwa magunia juu unachukia paka, ni ile tu. Nilifuata sheria yako, jina yake sikuiandika hata mara moja, na angalia sasa. Lakini mimi naye nilikosa akili. Karatasi moja, jogoo ni mutu, paka ni paka, wewe ungejuaje?

Nimeanza kucheka. Kisha nikawaza mbuzi ikipita katikati ya soko, watu wanaangalia, nikaacha. Annette ameacha lituma kwenye kinu, ameingia chumbani, amefunga mulango.

Yaya, usije. Usipande ile ndege. Usiku wanahamisha mizinga, na wale jirani zetu wenye jamaa ngambo ya muto wameanza kuondoka na magodoro kichwani. Kesho asubuhi mapema mimi mwenyewe ninapeleka hii Simi-Simi, nitaomba rubani kwa magoti kama ni lazima.

Adeline


Mangobo, 13 Juni 2000

Papa,

Ni mimi, Annette. Ni mwandiko wangu, hakuna askari nyuma yangu. Sijui kama utaisoma hii, maana hatujui kama ulipanda ile ndege. Jumatatu asubuhi tantine Adeline alifika kwenye kona ya avenue na barua mkononi, mabomu yakaanza, akarudi anatambaa. Ile barua yake naiweka ndani ya hii. Imekaa siku zote kwenye sidiria yake, ndiyo maana wino umetoka.

Siku sita, Papa. Wageni wawili wanapigana nyumbani kwetu, na sisi wenye nyumba tuko chini ya kitanda. Tulipanga magunia yako mlangoni. Mengine yaliingiwa na vipande vya chuma, mpaka leo tukipika maharagi tunayachagua kwa vidole. Paka alilala juu ya tumbo langu. Alikuwa amevaa mkono wa ile sweta ya bluu uliyoniachia, tuliutoboa matundu ya miguu ili asirambe kidonda. Ndiyo hiyo nguo tantine alikuandikia.

Docteur Augustin alikuwa aje kutoa nyuzi. Hakuja. Alikufa siku ya tatu, alikuwa ameenda kuteka maji. Alikuwa daktari wa wanyama, Papa. Hapa watu walimcheka, vita yote hii na yeye anashona paka, lakini alikuwa anapita kila jioni kuuliza kama amekula. Basi nilichemsha mkasi wa kucha, tantine akashika miguu ya mbele, nikakata uzi mmoja, nikavuta taratibu, halafu mwingine. Bomu likianguka nilikuwa nainua mkasi kwanza, halafu naendelea. Paka hakuuma safari hii. Kidonda kimefunga vizuri, na manyoya yameanza kurudi.

Mimi ni mzima. Sina hata mkwaruzo, na wakati huo kwako nilikuwa nimekwisha kupasuliwa, nimezaa, nimetupa mtoto. Sijui nicheke au nilie. Ulikubali haraka sana kuamini mabaya juu yangu, Papa, na hilo linaniuma, sikufichi. Lakini pamoja na mabaya yote hayo ulikuwa unakuja kunichukua. Hilo nalo limeniingia, sijui niliweke wapi.

Mambo ya mbuzi: nilikuwa bado sijakujibu. Huyo Isaïe, mara zote mbili, aliangalia viatu vyake tu. Nilitaka kwanza kujua kama ni mtu, au ni mwana wa baba yake tu. Mbuzi wamerudi, bon, naona jibu limepatikana bila mimi.

Andika neno moja kwamba uko hai. Neno moja linatosha.

Mtoto wako,
Annette


Butembo, 14 Juni 2000

Annette,

Kanyere atajaribu kufika kwenu na ndege ya kwanza. Nimemwomba abebe hii kitambaani. Jambo la kwanza: baba yako ni mzima. Ndege yake ilikuwa imekaribia, rubani akasikia kwa redio kwamba mji unapigwa, akageuza. Tangu siku hiyo baba yako anakaa mbele ya redio. Watu wakimpa chakula anakishika tu.

Mimi si mtu wa maneno. Zile mara mbili tulipoonana nilikuwa nimevaa viatu vya kaka yangu. Vilinibana, nikawa naviangalia nisianguke mbele yako. Labda ulidhani ni kiburi.

Habari ya paka tumeambiwa. Naiandika hivyo hivyo kwa ajili ya hao wanaofungua barua. Baba yangu alikwenda kuchukua mbuzi. Siku ile baba yako aliniambia pole. Nilitembea nyuma ya mbuzi, sielewi aliyekosa ni nani, sielewi kama wewe ulinitaka hata kidogo, na mpaka leo sielewi. Juma lile nilijenga ukuta mmoja nikaubomoa, nikaujenga, ukapinda tena. Mwenye nyumba akaniambia niende kulala.

Jumapili iliyopita, baba yangu akiwa misani, niliwafungua mbuzi nikawarudisha uani kwenu. Niliwapitisha njia ileile ya sokoni, mchana, watu wanaangalia. Baba yangu hajaniongelesha tangu hapo. Baba yako alinifungulia lango, akawatazama, akaingia ndani bila kuuliza.

Mimi nilimposa paka, sikuposa vitoto vyake. Kama kidonda bado, nitakiosha, nifundishwe tu. Na kile kitoto kilichopewa mwenye kuuza samaki, kama kingali hai, kichukue uje nacho. Nyumba ninayojenga ina chumba cha ziada.

Kama hunitaki, niambie tu. Nitakwenda kuwachukua mbuzi mwenyewe, na sitakusema vibaya mahali popote.

Isaïe wa Néhémie


Mangobo, 25 Juni 2000

Isaïe,

Kanyere alifika jana. Nilikuwa nimemwandikia Papa, labda barua imefika na amekwisha kukuambia, labda bado, au amekuambia na wewe unafikiri ni fumbo lingine. Kwa hiyo nakuambia mwenyewe, na askari nao wasome wajifunze: paka ni paka. Ana manyoya na mkia. Mimi ni mzima, sijapasuliwa, sijazaa. Papa na tantine walitaka kuficha majina, wakafichana wao kwa wao.

Tantine alisema nisikuambie haraka, nikuache kwanza uendelee kuwa mtu mzuri. Nimekataa. Nimechoka na mambo ya kuelewa upande upande.

Barua yako niliisoma mpaka pale kwenye chumba cha ziada, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Vita hii yote sikuwa nimelia. Kwa Docteur sikulia. Nililia pale, kwa sauti, na watu wa avenue walipita wakadhani nimefiwa. Hapa kila nyumba imefiwa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Nimefikiri sana. Maneno yale hukumwandikia Annette huyu. Ulimwandikia mwanamke mwingine, mwenye kidonda, mwenye mtoto asiye wako, aliyesemwa soko zima. Sijui kama ni haki mimi kuyachukua. Nimekaa na swali hilo usiku wote, paka miguuni, na asubuhi nimeona kwamba sitaki mwanamke mwingine ayapate. Nayachukua mimi.

Mwambie Papa mbuzi wakae hapohapo walipo, na asiende tena kwa mtu kueleza kitu chochote. Mzee Néhémie nitamsalimia mwenyewe nikifika, ataongea tu. Wewe nunua viatu vya miguu yako.

Nitakuja siku ndege zikianza kubeba watu. Paka anabaki na tantine, panya bado ni wengi. Lakini asubuhi hii nimekwenda kwa Mama Claudine. Kitoto kingali hai. Ni dume, rangi ya mawese, anaiba samaki mpaka ndani ya sufuria, na Mama Claudine amenipa bila kubembelezwa. Uliniambia nikichukue nije nacho. Nakuja nacho.

Annette